Meno Yaliyomng'ata Shemeji

Naingia uani namkuta shemeji ameshika panga mkono mmoja, mkono wa pili unachuruzika damu, anaporomosha matusi ya nguoni.

Anayetukanwa ni mtoto wa mbwa ambaye hata kubweka vizuri bado hajui.

"Leo nalikata vipande hili shetani!"

Ngoja niwaanzie mwanzo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Dada yangu alipopewa Bonge, huyo mtoto wa mbwa, nilimtengenezea kizimba cha nondo, kikubwa, ili akikua asibanwe, tukakiweka kwenye kona ya giza sebuleni. Sasa mbwa mdogo ukimpa nafasi kubwa, kona moja analala, nyingine anakojoa. Nikaziba katikati kwa ubao mfupi. Bonge mbele, nyuma patupu.

Kumzoesha tulisaidiana na Chiriku, binti wa dada, wa miaka sita, aliyeng'oka jino la mbele juzijuzi. Chakula tunaweka ndani, mlango wazi, hakuna kumsukuma. Akiingia mwenyewe, tunamsifia mpaka mkia unataka kukatika.

"Akiwa humu hakuna wa kumgusa," nilimwambia Chiriku. "Hapa ni kwake."

"Hata Baba?"

"Hata Baba."

Shemeji yeye alikuwa na mafunzo yake. Bonge akilia, anagonga nondo kwa rungu mpaka mnyama wa watu anajiharishia.

Na dada alivaa mikono mirefu jua likiwaka. Ukimuuliza, ameanguka. Jamani, mtu mzima anaanguka kila wiki? Nilimkanya shemeji, akaniambia nikachomelee mageti, nimwachie mke wake.

Basi siku hiyo, mchana kweupe, jirani akanipigia simu. "Kimbia, dada yako anauawa huku!"

Ndiyo nikamkuta na panga.

Nilimrukia. Panga likanichana bega. Nikampiga kichwa cha pua, akaenda chini, nikamkanyaga kiwiko mpaka panga likamtoka. Halafu nikampiga. Sifichi, nilimpiga mpaka akatema jino, na roho yangu ikataka zaidi.

Dada akatokea mlangoni anatambaa, jicho limeziba, mdomo umepasuka.

"Mwache, utaua! Chiriku yuko wapi? Simwoni mwanangu!"

Ngumi ikaishia hewani.

"Mbwa wenu kaning'ata," shemeji akalalama pale chini. "Nimepitisha mkono juu ya ubao nimvute, kaning'ata!"

Nikaukamata ule mkono, nikautazama. Mtoto wa mbwa ana vijino vya sindano, vinaacha vitundu. Hapa palikuwa na alama pana, zimejipinda nusu duara, na katikati pengo la jino la mbele.

Dada aliliona lile pengo akapiga ukelele.

Tukakimbilia sebuleni. Nikafungua kizimba, nikang'oa ubao.

Chiriku alikuwa amejikunja kule nyuma, amemkumbatia Bonge, damu ya baba yake imemganda kidevuni.

"Mjomba, Bonge hajang'ata mtu," akaninong'oneza. "Ni mimi. Mwambie Baba asimchinje."

"Umeingia humu saa ngapi, mama?"

"Mimi huwa naingia Baba akianza kumpiga Mama. Tunakaa na Bonge mpaka amalize."

Nimechomelea maisha yangu yote, moto umeniruka usoni sijalia. Siku hiyo nililia nimepiga magoti mbele ya kizimba cha mbwa.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa sebule. Amesikia kila neno. Akautazama mkono wake, akamtazama binti yake, akasogea, akanyoosha mkono ili amguse.

Chiriku akauvuta mlango wa kizimba, akaufunga kwa ndani.

Polisi walioitwa na jirani walimkuta shemeji amekaa sakafuni, hata hakubisha.

Ndugu zangu wenye dada na wenye mabinti, acheni kukanya. Kukanya nilikanya mimi, na haya ndiyo niliyoyakuta. Nendeni na gari, pakieni vitu vyao, muwatoe humo leo.