Gari la Baba wa Jirani

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu gereji moja kule Eagan. Kitoroli cha supamaketi kilikuwa kimejiachia kwenye maegesho kikanigonga mlango, ukabonyea kiasi cha sahani. Kijana wa gereji aliutazama, akaupiga picha kwa simu, akaniambia mlango mpya utafika Alhamisi. Nikamuuliza kama hawawezi kuunyoosha tu. Akacheka, wala si kwa dharau, akasema siku hizi hakuna anayenyoosha, mlango unang'olewa unatupwa, unawekwa mwingine. Nilitaka kubishana naye, lakini harufu ya rangi na ya puti, ile ya kujazia mabonyeo, ilikuwa imeshanifika puani. Nawe rafiki yangu unajua harufu inavyoweza kumvuta mtu mzima kwa sikio. Nilijikuta nina miaka tisa, nimevaa koti la theluji lililonizidi mikono, nimesimama kwenye gereji ya nyumbani kwetu Coon Rapids, na Baba anagonga bati.

Baba alikuwa fundi wa bodi Kisii mjini kabla hatujaja huku. Gari likipinduka na kukunjamana, liliburutwa hadi kwake, na baada ya wiki mbili mwenyewe alilipita mlangoni asilijue kwa jinsi lilivyorudi kuwa jipya. Aliyemfundisha kazi alikuwa na msemo mmoja tu, na Baba aliurithi pamoja na nyundo: gari la mtu halirudi kwake na aibu. Nyundo hizo sita zilikuja Minnesota ndani ya sanduku, zimefungwa kwa kanga ya Mama katikati ya unga na majani ya chai. Huku hakuna aliyezihitaji. Mama alikuwa nesi, na Baba akapata kazi kwenye nyumba ya wazee, ya kuogesha, kulisha na kugeuza watu kitandani. Aliifanya kwa heshima, lakini jioni akirudi alikaa akitazama mikono yake, na hata mtoto aliona kwamba mikono ile ilikuwa na jambo jingine ililolitaka.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu aliyeishi peke yake, mrefu, kofia haimtoki kichwani hata mezani. Mama alimfunza kunywa chai ya maziwa, naye akajitolea kunipokea basi la shule liliponishusha, hadi mmoja wa wazazi wangu atoke kazini. Alinipa supu ya nyanya ya mkebe na mkate uliopakwa siagi ya karanga, kila siku hivyohivyo, na mpaka leo nikionja supu ile nasikia njaa ya saa tisa alasiri. Baba yake mzazi aliwahi kujitengenezea gari la mashindano kutokana na Ford ya zamani. Aliling'oa mabawa ya magurudumu na taa, akalivika bodi nyembamba ya bati, akawa analikimbiza kwenye viwanja vya vumbi vya vijijini. Lilikuwa jekundu, lenye namba kumi na nne kwa rangi nyeupe. Baba yule alipofariki gari likauzwa vipandevipande. Kilichobaki ni picha moja na kipande cha nyuma cha bodi, kile kilichochongoka, ambacho mzee alikiita mkia. Mkia huo ulikaa miaka mingi kwenye banda la binamu yake, na sasa ulikuwa umeegemea ukuta wa gereji yake.

Binti wa mzee, aliyeishi mbali na kuja wikendi, ndiye aliyemwambia Mama siri yenyewe. Madaktari walikuwa wameshasema: akili ya mzee ilikuwa inaondoka, pole pole, haitarudi. Mzee hakuwa analia kuhusu hilo. Alitaka jambo moja tu, kukaa ndani ya gari la baba yake angali anajua kwamba ni gari la baba yake. Mama akamwambia Baba wakati wa kula, na Baba akaacha ugali mkononi. Kesho yake asubuhi alivuka theluji na kwenda kumwomba mzee ile picha.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na amani, na nakuambia ilikuwa raha tupu. Baba aliapa kwamba gari litakuwa lilelile, si linalofanana. Alijua kipenyo cha rimu za Ford zile, kwa hiyo akapima gurudumu kwenye picha, akapiga hesabu, akapata urefu wa kila kitu kingine hadi kimo cha usukani. Futi ya ushonaji ya Mama ilihamia gereji isirudi. Mti wa jirani wa pili ulikatwa kwa sababu ya wadudu, Baba akaomba gogo, akalichimba shimo katikati, na juu ya shimo hilo akawa anabonyeza bati kwa nyundo mpaka litune. Alinunua mifuko ya mchanga ambayo watu huku huweka nyuma ya pikapu wakati wa barafu, akaitumia kama mto wa kugongea. Mkanda wa ngozi wa kufungia boneti ulipokosekana, alivua wa kwake. Jumapili ile aliingia kanisani kashikilia suruali kwa mkono mmoja, na alipoimba wimbo wa kupiga makofi Mama alifumba macho.

Marafiki wa kanisani walikuja kumcheka. "Sasa wewe una-build gari na halina hata mlango," mmoja alisema, anaizunguka fremu ya vyuma aliyoiunga Baba, kikombe cha chai mkononi. "Mtu anaingia aje?"

"Anapanda kama farasi," Baba akamjibu. "Na usiniwekee kikombe hapo, hiyo ni boneti."

Mimi nilijua mzee alivyokuwa akipanda. Hili ndilo ninalotaka kukuambia, na nimezunguka kulifikia kwa sababu linaniuma. Mchana, baada ya supu, mzee alinipeleka kwenye gereji yake kuuona mkia. Ubavuni kushoto ulikuwa na bonyeo, pana kama kiganja. Alinisimulia kwamba mama yake ndiye aliyelitia, siku aliyojaribu kuliendesha gari kwa siri akarudi kinyumenyume hadi kwenye nguzo ya ua. Baba yake alikataa kulinyoosha, akasema ni sahihi ya mke wake. Mzee alipokuwa mdogo, hapo ndipo alipoingiza mkono na kujivuta hadi kitini. Alinionyesha huku amefumba macho: mkono unateleza juu ya bati, unateleza, unaingia kwenye bonyeo. Hapo uso wake ulibadilika. Siku alizosahau jina langu, na hata siku moja aliyosahau kama nimeshakula akanipa supu mara tatu, mkono ule haukukosea. Picha ilipigwa gari likiwa jipya, kabla ya nguzo, kwa hiyo haikuwa na bonyeo. Baba hakuwahi kuwepo saa zile, alikuwa kazini, na mzee hakumsimulia. Labda alidhani ameshamsimulia.

Mwishoni mwa baridi mzee aliteleza kwenye barafu akalazwa. Baba akaamua gari liwe tayari akirudi. Binti akampa ufunguo, mkia ukaletwa kwetu, ukafungwa kwenye fremu, na ukakaa sawasawa na bodi kana kwamba haukuwahi kuachana nayo. Baba aliruka kwa furaha. Kisha akaliona bonyeo. Akaleta picha, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Waliuweka vibaya kwa banda," akasema. "Ona vile imebonyea."

Akachukua nyundo ndogo. Nikamwambia, "Baba, lakini yule mzee..."

"Wewe mtoto, usini-teach kazi. Shika taa vizuri."

Nikashika taa vizuri. Kwetu mtoto hamkatizi fundi akiwa kazini, wala hamkosoi baba yake, na mimi nilikuwa nimelelewa nikaleleka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi. Lakini kunyoosha, kupaka puti, kupiga msasa na kupaka rangi kulichukua siku nne, na katika siku hizo nne ningeweza kumwambia Mama jikoni, au kumwambia Baba garini tukienda kanisani. Sikusema. Baba alikuwa ameniahidi kwamba rangi ikikauka nitachora namba kumi na nne kwa mkono wangu, na niliogopa kazi ikisimama nitanyimwa brashi. Bati lilinyooka mpaka ungeweza kujitazama ndani yake. Nilichora namba yangu, moja na nne, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia namba ile.

Mzee aliletwa Jumamosi alasiri, amekonda, binti yake amemshika kiwiko. Mama alikuwa amepika maandazi. Waliomcheka Baba walikuja na kamera. Baba akafungua mlango wa gereji, akavua kofia.

Mzee alitabasamu kwa adabu, kama mgeni. Akalizunguka gari mpaka ubavu wa kushoto, akafumba macho, akaweka mkono juu ya mkia. Mkono ukateleza. Ukafika mwisho. Akaurudisha nyuma, akaanza tena, juu zaidi, kisha chini zaidi. Alifumbua macho akautazama mkono wake, mbele na nyuma, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Kisha akamwambia Baba kwamba ni gari zuri sana, na akamuuliza ni la nani. Akasema baba yake aliwahi kuwa na moja linalofanana na hilo. Akaomba kurudishwa nyumbani.

Binti alipoeleza habari ya bonyeo, Baba alikaa chini, juu ya sakafu ya saruji, na suruali yake nzuri.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, nilimsikia Baba gerejini. Mtu ambaye maisha yake yote aliondoa mabonyeo alikuwa anajaribu kulitia moja. Alimuuliza binti kwa simu lilikaa wapi, upana gani, kina gani, akaweka mfuko wa mchanga kwa ndani, akagonga. Rangi ikapasuka, puti ikadondoka. Mama alisimama mlangoni akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, Baba hakugeuka. Mzee aliletwa mara ya pili. Baba mwenyewe aliuchukua mkono wa mzee, akauweka ndani ya shimo. Mzee akauacha hapo kidogo kwa kumridhisha, kisha akauondoa na kuupangusa kwenye koti. Hakukaa ndani ya gari hilo hata siku moja. Kabla majani hayajaanguka alihamishwa akatunzwe, na alipofariki hakuwa anamjua hata binti yake.

Gari liliuzwa. Mwaka mmoja nililiona kwenye maonyesho ya magari ya zamani kule Saint Paul, jekundu kuliko tulivyolipaka. Mwenye nalo alikuwa amelisawazisha bonyeo la Baba na kufuta namba yangu, akaiandika upya kwa mashine. Kibao mbele yake kilisema ni nakala sahihi kabisa. Watu walikuwa wanapiga picha, nami nikasubiri zamu yangu nikapiga.

Nyumba ya Coon Rapids tuliiacha. Baba anaishi nami sasa, Inver Grove Heights, kwenye nyumba isiyo na gereji, na nyundo alimpa mtu wa kanisani ambaye sidhani kama anazitumia. Hajagonga bati tena tangu mwaka ule. Wakati mwingine tukinywa chai huanza mwenyewe, bila kuulizwa: laiti kungekuwa na mtu mmoja aliyejua, akamwambia. Utotoni, baada ya Jumamosi ile, niliendelea kunyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Sasa najua hatanichapa, wala hatanigombeza. Lakini nikimwambia, atakumbuka kwamba nilifungua mdomo, na kwamba ni yeye aliyeufunga. Kwa hiyo mimi humwitikia tu: ni kweli, Baba, hakuna aliyejua.