Lita Mbili za Mzee Kopo

Kambini walimwita Mzee Kopo, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza maji wa kikosi cha upimaji, wale watu wanaotangulia porini kabla barabara haijawa barabara, wakalala kwenye mahema wiki sita mfululizo mahali ambapo kisima cha karibu ni safari ya lori ya kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya turubai na mapipa manne, ufunguo wa koki shingoni, kopo la bati la lita mbili mkononi, na kuwaambia watu hapana.

Kila mtu alipewa kopo moja la kuogea kwa siku, mkubwa kwa mdogo. Aliwahi kumnyima la pili mkurugenzi aliyekuja kukagua, naye ana povu kichwani. Mkurugenzi aliondoka na povu lake, na kwa kuwa enzi zile wakubwa walikuwa bado na haya, alirudi ofisini akamsifu mbele ya watu.

Lita mbili ni maji mengi kwa anayejua kuoga. Kwanza unajisugua mwili mzima kwa kitambaa kikavu, maana vumbi likikutana na maji linakuwa tope, na tope halitoki kwa lita mbili. Halafu unachukua kitambaa cha pili, kilicholowa na kukamuliwa: uso, shingo, kwapa, kisha kule kwingine ambako kila mtu anakujua kwake, miguu mwisho. Sabuni kiasi cha ukucha, isiyo na harufu. Maji ya kwenye beseni yanafua soksi, na yakishafua soksi yanamwagwa shimoni na kufukiwa mchanga. Beseni linafutwa hadi likauke. Na yote hayo yafanyike kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama, si katikati. Watu walitii. Kuuliza kwa nini ilikuwa kazi ya watoto wa shule. Watu wazima walioga, wakaenda kazini.

Kisha akaja injinia mpya wa kuongoza kikosi, mwanamke wa umri wa binti yake wa mwisho. Alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomsumbua Mzee Kopo, kwa sababu mtu mwenye adabu huwezi kumchukia kwa raha.

"Shikamoo, mzee," alisema siku ya kwanza kambini, akavuta kiti cha kukunja.

"Marahaba, binti."

"Kuna kitu sitaki kukuficha. Makao makuu wameniagiza nikirudi niandike kama nafasi ya mtunza maji bado inahitajika. Kwa hiyo nisaidie nikusaidie. Kwa mfano, kwa nini tuoge alfajiri na baridi yote ile?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Sawa. Lakini sababu?"

"Sababu ni kwamba ndivyo inavyofanywa."

Sababu aliijua vizuri. Lakini uvumi wa kupunguza watu ulikuwa umeshafika nyumbani, na usiku wa kuamkia safari mkewe, akikunja mashati yake, alikuwa amemuuliza: "Sasa baba watoto, ukishawaambia yote unayoyajua, watakubakiza kwa uzuri wa sura?" Mzee Kopo alijitazama kwenye kioo cha kabati akaona kwamba hoja ilikuwa na uzito.

Katika kikosi alikuwamo kijana wa kurusha ndege ndogo ya kupiga picha kutoka angani. Walimwita Rubani, ingawa ndege yake ingeenea kwenye sufuria. Alikuja na hema lake la kuogea, refu na jembamba, lenye zipu, pamoja na mfuko mweusi wa plastiki ambao ukitundikwa juani maji yanapata moto yenyewe. Alikuja pia na madumu matano ya maji yake mwenyewe, kwa hiyo Mzee Kopo hakuwa na la kumkatalia. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, Rubani alikuwa humo ndani akiimba, na sabuni yake ya maua ilinukia hadi jikoni.

"Mzee, njoo ujaribu!" aliita. "Utatoka humu kijana!"

"Nikitoka kijana mke wangu hatanifungulia mlango. Atadhani ni mgeni."

Watu walicheka. Siku hizi mtu hawezi kuoga tu akanyamaza. Lazima kambi nzima ijue.

Siku hiyo hiyo Mzee Kopo aliona nyuki mmoja. Koki ya ule mfuko ilikuwa ikivuja tone moja moja, na chini ya hema ardhi ilikuwa imelowa kiasi cha sahani. Nyuki alitua, akanywa, akaondoka. Katika nchi kavu kama ile, mwezi ule, nyuki anatafuta maji kama mtu aliyepotea, na akiyapata anarudi kuwaambia wenzake. Ndiyo maana ya kuoga gizani, ya kufukia, ya kufuta beseni, ya sabuni isiyonukia. Mzee Kopo aliyajua yote hayo. Akageuza kiti chake, akatazama upande mwingine.

Siku ya pili walikuwa kama ishirini.

"Mzee, umeona pale?" aliuliza dereva wa lori, waliyesafiri pamoja miaka mingi.

"Nimeona nini?"

"Nyuki."

"Mimi ni mtunza maji. Nyuki watakuwa na mtu wao."

Hesabu yake haikuwa mbaya sana, au ndivyo alivyojiambia. Kijana ataumwa mara moja, mara mbili. Injinia atakuja mbio: mzee, tuokoe. Mzee ataokoa. Na ile ripoti itajiandika yenyewe.

Siku ya tatu, saa nne, wimbo ulikatika katikati. Ukafuata ukelele ambao hakuna aliyedhani unaweza kutoka kwenye kifua cha Rubani. Hema lilikuwa limegeuka rangi kwa wingi wa nyuki. Zipu imekwama, macho yamejaa povu, na yeye mle ndani anapigana na ukuta wa nailoni. Injinia alikuwa tayari anakimbia na blanketi apige.

"Msiwapige!" Mzee Kopo, ambaye hakuwa amekimbia kwa miaka kumi, alikimbia. "Kijana! Simama kama nguzo! Hawakutaki wewe, wanataka maji!"

Akarudi kwenye mapipa, akafungua koki na kujaza beseni kubwa hadi likafurika. Watu waliduwaa, wengine walisema baadaye kwamba hilo liliwatisha kuliko nyuki. Akalipeleka mbali, hatua mia, akaweka vijiti vikavu juu ya maji ili nyuki wapate pa kusimama. Akawasha kinyesi kikavu cha wanyama kando ya hema ukafuka moshi. Akashusha ule mfuko, akaufunga kwenye gunia, akakata zipu kwa kisu. Yote polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto aliyelala. Nusu saa baadaye nyuki walikuwa kwenye beseni.

Rubani alitolewa miiba kumi na mmoja, mingine mahali ambapo hata injinia, aliyeandika kila kitu, hakupaandika. Uso ulivimba, macho yakafumba. Kwa saa nzima alihema kwa shida, na dereva alikaa kwenye lori injini ikinguruma, akisubiri neno tu. Mzee Kopo alimwekea kitambaa cha maji usoni, akakikamua, akakilowesha tena, bila kupima.

Mwishowe pumzi ilitulia. "Asante, baba," kijana alisema kwa midomo iliyokuwa kama ya mtu mwingine.

Angemtukana ingekuwa afadhali.

Jua lilipoanza kushuka injinia alikuja na daftari. Dereva alikohoa. "Mzee, angalia. Hiyo kalamu inakuchimbia kaburi."

Mzee Kopo alieleza. Alieleza nyuki, na majivu ya kusugulia sufuria kabla hazijaguswa na maji, na soksi, na kucha, na vidonda vya kati ya vidole, na jinsi ya kujua pipa limeanza kuharibika kabla matumbo hayajasema. Zilijaa kurasa tisa. Halafu akasema kwamba nyuki wa kwanza alimwona siku ya kwanza.

Kalamu ilisimama. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

Injinia alimtazama Rubani aliyelala kivulini. "Hilo sitaliandika."

"Andika, binti."

"Sitaandika, mzee." Akafunga daftari, na tangu hapo hadi safari ilipokwisha adabu yake ilikuwa ile ile, lakini hakuvuta tena kiti.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Ilisema kwamba kutokana na kukamilika kwa mwongozo wa usafi kambini, nafasi ya mtunza maji haihitajiki tena. Injinia aliileta mwenyewe nyumbani, pamoja na cheti cha shukrani ndani ya fremu. Alikataa chai, alikaa ukingoni mwa kochi.

"Nilipendekeza ubaki," alisema. "Wameusoma mwongozo, wakasema umeeleweka mno."

Kikosi kiliondoka bila yeye. Kwa wiki sita Mzee Kopo alitembea na simu mfukoni, akaenda nayo hadi chooni. Karatasi haiwezi kujua kila kitu. Kuna jambo litawashinda, watapiga.

"Unasubiri posa?" mkewe alimuuliza.

Simu haikulia. Siku waliyorudi, alipita uani mwa ofisi kwa bahati tu, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Dereva aliruka kutoka kwenye lori akiwa safi kana kwamba ametoka kwa kinyozi.

"Nyuki?"

"Hata mmoja."

"Matumbo?"

"Salama kabisa, mzee."

"Hakuna kilichokosekana kwenye karatasi?"

Dereva alikuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, na ilionekana wazi kwamba anatafuta chochote cha kumpa. "Kuna kitu kimoja," alisema, na moyo wa Mzee Kopo ukaruka. "Rubani ameiboresha. Anatumia ile chupa ya kupulizia maji kwenye nguo za kupiga pasi. Siku hizi tunaoga kwa lita moja. Tumerudi na pipa zima."

"Lita moja haimtoshi mtu."

"Mzee, nimeoga mimi."

"Haimtoshi!"

Alirudi nyumbani, akachukua chupa ya mkewe mezani pa kupigia pasi, akapima lita moja, akajifungia bafuni. Alijisugua kwa kitambaa kikavu. Akapulizia uso, shingo, kwapa, na kule kwingine. Alijiosha kwa hasira, akirudia mahali pasipo na uchafu, akiomba maji yamwishie magotini ili aende akawaambie. Yalipita magoti. Yalifika kwenye nyayo, yakaingia kati ya vidole, yakatosha. Alipotikisa chupa, ndani bado yalicheza.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Bado," alijibu Mzee Kopo. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, chupa mkononi, akaendelea kukaa hapo hata baada ya mwili kukauka.