Karani wa Saratani na Kitanda Kilichokaa Mpakani

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardith Kuchera aliandika saratani za watu. Hospitali yetu ya vitanda kumi na sita ilihudumia kaunti mbili, Tolliver na Haskett, na kila mkazi wa huko aliyegundulika na ugonjwa huo, hata kama aligunduliwa mjini mwendo wa saa nne kwa gari, karatasi zake zilirudi mezani kwa Ardith. Alizisoma zote, akaandika ni saratani ya nini, imefika wapi, imegunduliwa tarehe ngapi, na mgonjwa siku hiyo alikuwa mkazi wa kaunti gani. Kisha akazituma makao makuu ya jimbo. Mimi nilikuwa mpiga picha za eksirei katika chumba cha pili. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu, na yaliyobaki nilikuwepo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mke wa fundi wa pampu za upepo. Tolliver ilikuwa na watu mia nne thelathini na sita. Mahali padogo hivyo, Ardith aliweza kujua fulani anaumwa kabla mke wa fulani hajaambiwa. Jumapili kanisani alimpitishia mtu huyo bakuli la viazi, akamuuliza habari za ndama, na uso wake haukuvujisha hata tone. Watu walimheshimu, na walimkwepa kidogo. Akimtazama mtu zaidi ya kawaida, mtu huyo alienda nyumbani akajipapasa mwili mzima.

Machi ya mwaka 2011 jimbo lilitoa kijitabu kinacholinganisha kaunti zote: ipi ina saratani nyingi, ipi ina chache, ipi inapanda, ipi inashuka. Tolliver ilikuwa ya kwanza. Kesi mia sita themanini na nane kwa kila watu laki moja, na mshale mwekundu unaoelekea juu: ongezeko la asilimia hamsini kwa mwaka mmoja. Haskett, jirani zetu, walikuwa wa mwisho kabisa. Sifuri.

Habari zilifika kwenye duka la chakula cha mifugo, ambako wanaume hunywa kahawa asubuhi, kabla Ardith hajafungua nakala yake. Kufikia saa nne walikuwa wamekwisha kuacha kunywa maji ya bomba. Mmoja alisema ni dawa ya kuulia magugu. Mwingine alisema ni upepo unaotoka Haskett. Wa tatu alisema tangu tumpate mchungaji mpya mambo hayajakaa sawa.

Merle Stubblefield, mwenyekiti wa baraza la kaunti, aliingia ofisini kwa Ardith bila kuvua kofia. Merle alikuwa na nyumba za kupangisha wawindaji wa kware, na asubuhi hiyo mwindaji mmoja alikuwa amepiga simu kuuliza kama ni salama kuvuta hewa yetu.

"Ardith, watu mia sita themanini na nane! Sisi wenyewe hatufiki mia tano! Ina maana tunaumwa sote, na wengine wanaumwa mara mbili?"

"Ni kwa kila watu laki moja, Merle."

"Laki moja wametoka wapi? Hata ng'ombe hatuna laki moja!"

"Hawapo. Ni hesabu tu. Tulikuwa na wagonjwa watatu. Watatu katika watu mia nne thelathini na sita. Ungekuwa na laki moja wenye bahati kama yetu, ungepata mia sita themanini na nane."

"Na hiyo asilimia hamsini?"

"Mwaka juzi walikuwa wawili."

Merle alikaa kitini. Nilisikia kiti kikilia.

"Yaani mtu mmoja," alisema polepole. "Mtu mmoja ndiye ametupandisha huko juu."

"Mtu mmoja."

"Nani?"

"Siwezi kukuambia, na unajua siwezi."

Hakuhitaji kuambiwa. Orville Hruska, mfugaji wa miaka sabini na nne, alikuwa ameshamwambia kila mtu mwenyewe, pale pale kwenye duka la chakula cha mifugo, kwamba wamemkuta na saratani ya tezi dume, ile ya mwendo wa kobe, na kwamba daktari amesema wataiangalia tu. Na nyumba ya Orville kila mtu aliijua: babu yake aliijenga kabla wapima ardhi hawajarudi kusahihisha ramani, na mpaka wa Tolliver na Haskett ulipita katikati yake. Sanduku lake la barua lilikuwa upande wetu, barabarani, na kwa anwani hiyo alihesabiwa wa Tolliver.

"Sanduku la barua si mtu," alisema Merle. "Kanuni yako inasemaje?"

"Mkazi wa mahali anapolala kwa kawaida."

"Basi Orville analala Haskett. Chumba chake cha kulala kiko nyuma. Mpeleke Haskett, Ardith. Wao wana sifuri, mmoja hatawaua."

"Nitampeleka atakakokuwa."

Haskett nao walipata fununu. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke aitwaye Lucinda Prochaska, mfugaji wa farasi, ambaye sauti yake haikuhitaji simu. Tayari alikuwa ameagiza bango la kusimamisha barabarani: KARIBU HASKETT, KAUNTI YENYE AFYA KULIKO ZOTE. Alipiga simu hospitali akaapa kwamba Orville Hruska ni mtu mwema, anampenda, na hataingia Haskett hata kwa kubebwa.

Ndipo Ardith akaamua kwenda kujionea. Wale wenyeviti wawili wangeweza kugombana mwaka mzima. Yeye alitaka kuhakikisha nafasi moja katika fomu. Aliniomba nimpeleke kwa gari langu, lake lilikuwa gereji. Tulipofika tulikuta magari matatu uani. Merle alikuwa amekuja na Dale Fenske, mpima ardhi, na mtambo wake wa miguu mitatu. Lucinda alikuwa amekuja na sauti yake.

Orville alitufungulia mlango, ameshika kikombe cha kahawa, amefurahi kama mtu mwenye harusi.

"Miaka sabini na nne sijachaguliwa kwa jambo lolote," alisema. "Leo kaunti mbili zinanigombania."

"Zinakukimbia, mzee," Lucinda alisema.

"Hata hivyo. Ingieni."

Dale alipima kutoka kwenye nguzo ya chuma ya mpaka, akaja akihesabu, akapita dirishani, akafunga uzi mwekundu kutoka ukuta hadi ukuta katika chumba cha kulala. Uzi ulikatiza juu ya kitanda. Mto ulikuwa Tolliver. Upande wa miguu ulikuwa Haskett.

"Mtu yuko pale kilipo kichwa chake," Lucinda alisema mara moja. "Kichwa Tolliver, mtu Tolliver. Twende zetu."

"Kwani saratani iko kichwani?" Merle alifoka. "Iko kwenye tezi dume! Mwambieni alale tuone inaangukia wapi."

Ninajua ilivyo vigumu kuamini. Lakini Orville aliweka kikombe chini, akapanda kitandani na viatu vyake vya kuchungia ng'ombe, akalala chali, mikono kifuani. Watu wazima watano tulisimama tumeinama. Uzi ulipita sentimita mbili juu ya mkanda wake, upande wa kifua.

"Haskett!" Merle alipiga makofi. "Iko chini ya mkanda! Haskett!"

"Amejivuta chini! Dale, uzi umelegea!" Lucinda alisema.

"Uzi haujalegea, mama," alisema Dale, ambaye alionekana akijuta kuchagua fani hiyo.

"Hakuna mtu anayelala kama maiti. Orville, lala unavyolalaga," Lucinda aliamuru.

Orville akajikunja kwa ubavu kama paka. Magoti yakapanda, kiuno kikarudi Tolliver. Lucinda akashangilia. Merle akasema hiyo ni hila, kwamba ameagizwa. Orville akajinyoosha, ikawa Haskett. Akajikunja, Tolliver. Nadhani alianza kufanya makusudi.

Tangu tuingie chumbani Ardith alikuwa akitazama mto. Baadaye aliniambia kwamba mto ule ulikuwa na vumbi.

"Orville," alisema, "Oktoba kumi na nne mwaka jana, siku daktari alipokupa majibu, ulilala wapi?"

Mzee aliacha kujikunja. Alikaa kitako pembeni mwa kitanda, upande wa Haskett.

"Kwenye kiti. Jikoni."

"Na usiku uliotangulia?"

"Kwenye kiti. Kitanda hiki ni cha Bernadine, mke wangu. Tangu afe sijakilalia. Miaka minne sasa." Akapangusa vumbi kwenye shuka kwa kiganja. "Leo ndiyo mara ya kwanza. Kwa sababu mmeniomba."

Dale alianza kukunja uzi wake. Merle alivua kofia. Mimi nilidhani imefungwa kichwani kwa skrubu.

Kiti kilikuwa karibu na jiko, cha kuegemea nyuma, ngozi yake imebonyea umbo la mtu. Kilikuwa ndani ya Tolliver kwa mita mbili na nusu. Ardith akaegemea meza ya jikoni, akaandika. Orville akamkatia kipande cha pai ya cheri.

"Na tukikisogeza kiti?" Merle aliuliza kwa sauti ya chini, bila matumaini.

"Tarehe ni Oktoba kumi na nne mwaka jana. Ukiweza kusogeza kiti cha mwaka jana, Merle, sogeza."

Lucinda alicheka sana. Ardith akamgeukia.

"Wewe ulipima lini mara ya mwisho?"

"Nini?"

"Matiti. Lini?"

Lucinda alihesabu kwa vidole, vidole vikamwishia.

"Oktoba gari la vipimo lilikaa Tolliver siku mbili," Ardith alisema. "Watatu wale wote walipatikana humo. Halikuja Haskett kwa sababu daraja lenu halibebi gari zito. Mna sifuri ya daraja, Lucinda. Siyo sifuri ya afya."

Nilimfahamu Ardith miaka mingi, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akitoa. Lucinda alikasirika, akaondoka akivurumisha kokoto. Lakini bango halikusimamishwa. Wanaume wa Haskett walitumia majira yale ya joto kuimarisha daraja kwa vyuma, na mwezi wa Septemba gari la vipimo likavuka, taratibu, Lucinda akilitangulia kwa miguu kama anaongoza ndovu. Watu sitini na mmoja walipima. Wawili walikutwa na ugonjwa. Mmoja alikuwa mume wa Lucinda, utumbo mpana, mapema kabisa. Wakaukata uvimbe, akarudi kwenye farasi kabla ya theluji.

Lucinda alikuja hospitali siku majibu ya mumewe yalipotoka. Nilijua ni yeye kwa sababu safari hii sikumsikia. Alimuuliza Ardith kama jina la mumewe litapita mikononi mwake.

"Limeshapita."

"Na sisi tutapanda?"

"Mtapanda sana. Kutoka sifuri huwezi hata kuhesabu asilimia."

"Basi tupande," Lucinda alisema, akapenga kamasi.

Kijitabu kilichofuata kilikuwa tofauti. Huko jimboni mtu alikuwa ameamua kwamba kaunti zenye wagonjwa wachache mno zisiandikiwe namba wala mshale. Pale palipokuwa na namba wakaweka nyota ndogo. Tolliver ilipata nyota. Haskett ilipata nyota.

Merle alikuja mbio.

"Ardith! Wametupa nyota!"

"Merle, nyota maana yake ni kwamba—"

"Kutoka mkiani hadi nyota, mwaka mmoja! Nilisema mimi!"

Alimweleza mara tatu: nyota inasema idadi yetu ni ndogo hivi kwamba hakuna la kusema. Merle alitikisa kichwa kukubali mara zote tatu, kisha akaenda kuagiza kofia hamsini zenye nyota ya dhahabu na neno TOLLIVER. Wawindaji walizipenda. Ardith alipelekewa moja, akaitundika nyuma ya mlango. Lakini alimtoza Merle gharama yake: hapati kofia mtu yeyote wa Tolliver aliyevuka miaka hamsini mpaka aonyeshe karatasi ya kipimo. Merle alikubali akidhani ni utani. Ilibidi aende kwanza yeye. Alirudi mweupe kama chokaa, mzima, na kwa wiki nzima aliwasimulia watu mambo ambayo hawakuuliza.

Kazi ya Ardith ilikuwa na sehemu moja ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa akishaandikwa, karani humfuatilia kila mwaka mpaka mwisho: yuko hai, au hayuko. Kila Oktoba alimpigia Orville simu.

"Orville, uko hai?"

"Subiri niangalie."

Ardith alipostaafu mwaka 2016, nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa mjini, mpole, mwenye digrii. Oktoba kijana akapiga simu. Orville akamwambia kwamba suala la uhai wake hulizungumza na Ardith peke yake, akakata. Kijana akapiga tena. Orville akasema aandike amekufa basi, kama ana haraka. Kijana alikuja kwangu karibu kulia: fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, na mgonjwa aliyesema amekufa kwa simu hakuwemo.

Nikampigia Ardith nyumbani. Akaguna, akampigia Orville, kisha akampigia kijana, na ikawa hivyo miaka yote iliyofuata. Kanuni haisemi chochote kuhusu mpango huo, nami sikuuliza. Saratani ya mzee imekaa pale pale, kwa mwendo wake wa kobe. Mwaka jana mzee alimcheleweshea Ardith jibu, maana alikuwa malishoni, na Ardith alikaa karibu na simu kuanzia asubuhi, mumewe anasema, hakula hata mkate. Saa tisa simu ikalia.

"Ni mimi," alisema Orville. "Nilikuwa natoa ndama tumboni. Amekuja matako mbele."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka."

"Hiyo hakuna nafasi ya kuiandika," Ardith akamwambia, akaenda kupasha supu.