Bukini Ndani ya Mto

Juzi, nikingoja kuitwa kwenye mahojiano ya kazi mjini Nakuru na kuhesabu makosa ambayo sijayafanya bado, niliona unyoya mweupe ukichungulia kwenye mto wa kiti. Nikazuia pumzi.

Unyoya huo ulinirudisha utotoni, kule Molo, kwenye shamba la wazungu Wacheki alikofanya kazi mama. Bata bukini niliyemlisha maganda ya viazi kila siku alikuwa amechinjwa. Alasiri hiyo mama na memsahibu, mwenye shamba, walikaa jikoni, penye harufu ya supu na kuni mbichi, wakichambua manyoya yake moja moja. Uti wa katikati waliutupa, na sehemu laini wakaitia kwenye mfuko wa kitambaa wa kutengenezea mto.

"Hapana piga chafya," memsahibu aliniambia. "Manyoya nakimbia!"

Mimi nilielewa kwamba wanamtengeneza bukini upya. Pua ikaniwasha. Nikaibana mpaka machozi yakanitoka.

"Wewe, unalia nini?" mama aliuliza.

"Nataka arudi na mabawa yote."

Mama aliangua kicheko, manyoya yakapaa hadi darini. Nikaona nimemfukuzisha mama kazi. Lakini memsahibu naye akacheka, akapiga chafya mara tatu.

Tulipomaliza kuokota, memsahibu akaushona mdomo wa mfuko na kuniwekea mapajani.

"Hii yako."

Nikalaza sikio juu yake. Ndani, kitu kilidunda polepole. Leo najua yalikuwa mapigo ya damu yangu. Siku ile nilimnong'oneza tu bukini kwamba viazi bado vipo.