Funda la Kwanza la Mbangara

Nyumba ya Mama Lois pale Voi ilikuwa na mabati yaliyotoboka, mikeka sita, na wanaume sita ambao pombe iliwatafuna ikabakisha mifupa na midomo. Midomo ndiyo ilikuwa mizima kabisa. Kila asubuhi walipanga mstari, naye Mama Lois, mjane wa mwinjilisti, akawanusa mmoja mmoja kama mtu anayekagua maziwa. Ukinuka, mkeka wako unatupwa nje na wewe unaufuata.

Obadiah alikuwa na miezi minne hapo. Zamani alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuwasha taa za ishara, mpaka siku alipolala karibu nazo zikiwa zimezimika. Hospitalini alitetemeka wiki tatu, kisha daktari akamwambia waziwazi: ini limekwisha, ukionja tena tutakuzika.

Sasa kaka yake mkubwa, Gilbert, akatuma habari kutoka kwao Wusi. Jumamosi wakwe wanaleta mbangara, pombe ya miwa, kumposa Wakesho, binti wa pekee wa Obadiah. Na baba wa msichana ndiye hupiga funda la kwanza. Asipokunywa, amemkataa kijana wa watu.

"Si upake midomo tu, mzee," alisema Katuku, jirani yake wa mkeka. "Nani atakuchungulia koo?"

"Wewe ulipaka midomo Krismasi. Tulikuokota wapi?"

"Kwa mtaro," Katuku akakubali. "Lakini nilikuwa na viatu."

Mama Lois hakucheka. "Baba Wakesho, tuma mtu badala yako."

"Binti anaolewa mara moja, Mama."

"Na wewe utazikwa mara ngapi?"

Akaenda. Lori mpaka Mwatate, halafu mlima kwa miguu, akipumzika kila kona. Wakamkalisha kiti cha mbele. Kibuyu kikamjia na povu lake, na ile harufu ikamkumbatia kama rafiki wa zamani asiye na aibu. Mate yakamjaa.

"Wazee wangu, mimi mgonjwa," akasema. "Nikionja hii nakufa. Naomba nibariki kwa uji."

Wakacheka, maana Obadiah wa kukataa pombe hawakuwa wanamjua. Alipozidi kukishika bila kunywa, kicheko kikaisha. Mzee wa upande wa bwana harusi akauliza polepole, "Mkwe, kijana wetu amekukosea nini?"

Wakesho alikuwa mlangoni pa jikoni. Macho yake yalimwambia baba yake anywe, na Obadiah aliyaelewa vizuri sana.

"Lete hapa," akasema Gilbert.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayekunywa ndiye baba. Obadiah akakishika kibuyu mpaka povu likatulia, kisha akampa.

Gilbert akapiga funda, vigelegele vikapasuka. Mzee akatangaza, bila ubaya wowote, kwamba kuanzia leo jambo lolote la Wakesho lipelekwe kwa Gilbert, na mjukuu wa kwanza wa kiume ataitwa Gilbert. Obadiah akasogezewa kiti cha pembeni, karibu na mbuzi. Akala huko.

Wakati wa kushuka, Wakesho alimsindikiza hadi kwenye migomba. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa nyuma yao.

"Utafika salama, baba mdogo?"

Obadiah akaangalia njia. Shangazi mmoja alikuwa anamtazama usoni, anangoja kuona kama ataitikia.

"Nitafika," akasema.