Sauti ya Juu Iliyobaki Kwenye Chumvi

Parma, mji wa opera huko Italia, hakuna mwimbaji anayeogopa magazeti. Anaogopa watu wa roshani ya juu ukumbini, wenye tiketi za bei rahisi. Wale wauza jibini na mafundi baiskeli wanazijua opera nzima kwa moyo, na ukiteleza wanakuzomea kwa miluzi mpaka utamani ardhi ikumeze.

Ilde Cavatorta alikuwa soprano, mwimbaji wa sauti za juu, wa kutegemewa mpaka siku alipotaka kuwaridhisha. Mwishoni mwa wimbo wake, mtunzi ameandika sauti ishuke. Lakini roshani huidai ipande, na waimbaji huipandisha. Siku hiyo Ilde alikuwa na mafua; akapandisha hivyo hivyo. Sauti ikapasuka kama chungu. Aliyeanza mluzi alikuwa Nello, mkaguzi wa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa chumvi. Kesho yake Ilde akalilazimisha koo tena, ili kuwakomoa. Halikupona.

Hakukaa kuomboleza. Alipanga chumba juu ya duka la mikate, akatafuta piano kuukuu, akafundisha.

Miaka ikapita, mwanafunzi wake Mirca akapewa wimbo ule ule aimbe Jumapili, mbele ya roshani ile ile.

"Mwalimu, wataidai ile ya juu."

"Waidai. Unayo?"

"Kuna siku inatoka."

"Basi huna. Usiuze usichonacho."

"Wakinizomea je?"

"Ukizomewa, utaimba tena. Ukipasua koo, utaimba na nini?"

Alimwambia hivyo kwa ukali, lakini alijua maneno peke yake hayatoshi. Binti akiogopa miluzi, angepandisha tu. Ilde akavaa koti, akamfuata Nello kwenye ghala la mapaja. Alimkuta akidunga paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, kisha akiinusa ajue kama limeiva.

"Ala! Bibi soprano! Umekuja kunikata masikio?"

"Masikio baki nayo, nimefuata pua. Nifungie lile la pembeni."

"Lile bado changa, mama."

"Mbona limenona?"

"Kunona si kuiva. Ukilitoa kwenye chumvi sasa, litaoza karibu na mfupa."

"Na mteja akikupigia kelele?"

"Apige mpaka apasuke!"

"Vizuri. Mwanafunzi wangu Mirca naye ana sauti moja bado iko kwenye chumvi. Jumapili haitoki."

Nello akabaki na sindano puani, kisha akacheka bila kupenda. "Umenitega, mwanamke. Sikuahidi kitu lakini."

"Nani kaomba ahadi?"

Jumapili mchana Ilde alipanda roshani, akaketi karibu na Nello. Mirca aliimba vizuri mpaka mwisho. Akavuta pumzi, na Ilde akashika ukingo wa kiti. Sauti ikashuka taratibu, imara, kama ilivyoandikwa.

Mluzi mmoja ukatoka nyuma yao.

Nello akageuka. "Wewe Ermes, funga bakuli lako! Ile ya juu haijaiva. Hii uliyopewa, umeonja au umemeza tu?"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Si wote; Ermes alikunja mikono mpaka pazia likashuka.

Jumatatu Mirca alifika darasani mapema, koo zima.

"Mwalimu, ile ya juu lini?"

"Ikiiva tutaidunga," alisema Ilde, akafunua piano. "Haya, tuanzie chini."