Waltz Iliyokatika Ekerenyo

Siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu, sikuwa na homa, na nilikuwa nimeshiba ugali na managu. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu nikifika katikati watu huanza kuniangalia machoni na kuniuliza kama nilikuwa mzima. Nilikuwa mzima. Wala jambo lenyewe halikutokea usiku, njia panda au makaburini. Lilitokea mchana, mvua ikinyesha, watu wakipita barabarani na miavuli yao. Ukikataa kuniamini mimi, kuna mama mmoja Keumbu ambaye hatakucheka ukimwuliza.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilizaliwa upande wa Nyamarambe, nikaacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimechoma matofali, nimepiga msasa vinyago vya mawe, nimepakia ndizi kwenye malori. Sikai mahali. Lakini nikisikia mlio nisioujua, lazima nitafute unakotoka. Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Bosibori. Jumapili moja nilikuwa napita nyuma ya soko la Keumbu, nikasikia piano ikienda moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama mtu anayechechemea kwa furaha. Nikasimama dirishani. Mama wa makamo, Mwalimu mwenyewe, akatoa kichwa nje.

"Unaiba nini hapo?" akauliza. "Kama ni muziki, ingia uibe vizuri."

Nikaingia. Humo ndani kulikuwa na muuguzi, fundi wa cherehani, na kijana wa bodaboda aitwaye Ombati. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alikuwa na piano kuukuu iliyojaza nusu ya sebule. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mpigaji hodari. Walikuwa wakijifunza waltz fupifupi, zile ngoma za mapigo matatu ambazo Wazungu wa zamani walicheza wawili wawili, zile zinazokwisha kabla chai haijapoa. Walikutana Jumapili kwa sababu Jumamosi ni Sabato, na vidole hivyo hivyo vilihitajika kanisani. Majirani walinung'unika kwamba zile ni nyimbo za kukumbatiana. Ombati akawajibu, "Mimi nakumbatiwa na abiria kutwa nzima, na bado nashiriki meza ya Bwana."

Walinipokea. Na hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana kila kitu kinategemea desturi yao. Karatasi za noti za muziki zilikuwa chache na wengi wetu hatukuweza kuzisoma, kwa hiyo tulifundishana mkono kwa mkono. Mnakaa wawili kwenye benchi moja. Anayeijua waltz anapiga mkono wa kulia, wewe unayejifunza unapiga wa kushoto. Anakupa sehemu ya kwanza na ya pili. Ya mwisho anaizuia. Unakwenda zako, unafanya mazoezi, halafu unarudi kwake kumpigia, wawili tu, wengine wakingoja jikoni. Tuliita hiyo kurudisha. Akiridhika ndipo anakupa mwisho. Mwalimu ndiye aliyeianzisha. Alisema mtu akipewa kitu chote mara moja harudi tena, na yeye alitaka watu warudi.

Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba Mwalimu alikuwa na binti aliyefariki. Nyumbani humo hakuna aliyemtaja, na ukutani hapakuwa na picha yake. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Sasa, siku yenyewe. Nilikuwa Ekerenyo kupakia ndizi. Mchana, mvua ya mawe ikashuka ghafla kama ilivyo kawaida ya huko, nami nikakimbilia baraza la ukumbi wa zamani wa kanisa, ule ulioachwa walipojenga kanisa jipya. Mabati yalikuwa yakipiga kelele hata sikusikia mawazo yangu. Na bado, chini ya kelele ile, nikasikia piano. Moja-mbili-tatu.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilisukuma mlango.

Msichana alikuwa ameketi kwenye piano iliyosukumwa pembeni, amevaa sweta ya kijani. Alikuwa mwembamba. Hakushtuka.

"Bwairire," nikamsalimu.

Akaitikia, kisha akasema, "Umelowa. Njoo ukae, lakini usinidondoshee maji kwenye vibao vya piano."

Nikamwambia natoka Keumbu, na kwamba huko pia kuna watu wa waltz. Akacheka. "Najua. Na wewe wanakupa mkono wa kushoto, sivyo?" Akajisogeza, akaniachia upande wa kushoto wa benchi. Sikuona ajabu. Huku kwetu habari husafiri, nikafikiri labda amewahi kukutana na Ombati, maana nani hajakutana na Ombati?

Alinifundisha waltz ambayo sikuwahi kuisikia. Ilianza kwa huzuni, halafu sehemu ya pili ikawa kama mtu aliyekumbuka jambo zuri katikati ya matanga. Alikuwa mvumilivu. Nilipokosea alisema tu, "Tena." Kitu kimoja nilikiona wakati huo nikakipuuza: bega langu lilikuwa likigusana na lake, na sikuhisi joto lolote. Nilidhani ni baridi ya nguo zangu.

Nilipoishika akasema, "Ya tatu utaipata ukirudisha. Njoo peke yako, kama desturi yenu. Kuna mtu nataka umpelekee ikiwa nzima."

"Nani?"

"Utamjua."

Mvua ikakatika. Dereva wa lori akaanza kunipigia honi, nikatoka mbio. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi, kwa hiyo sikurekodi hata noti moja.

Jumapili nikafika kwa Mwalimu mapema, kabla ya wengine. Nilitaka kuujaribu mkono wangu wa kushoto usije ukanitoroka. Mwalimu alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati. Nikaanza taratibu, besi peke yake. Sikuwa nimefika mbali nilipohisi mtu nyuma yangu. Mkono wenye unga ukapita juu ya bega langu, ukaanza kupiga wimbo wa juu. Ule ule. Noti kwa noti.

Tulikwenda pamoja mpaka mwisho wa sehemu ya kwanza. Hapo mkono wake ukasimama, mimi nikaendelea na sehemu ya pili peke yangu.

"Ngoja," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapo hakuwa amefika."

"Nani, Mwalimu?"

Akaketi. Unga ulikuwa umejaa kwenye vibao. Akanieleza kwamba binti yake, Kemunto, alikuwa akifundisha watoto wa chekechea huko Ekerenyo. Waltz hiyo alikuwa akiitunga mwenyewe. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu, akaiweka juu ya piano ya ukumbi, akampigia wimbo mpaka pale alipofikia. Kila mara alikatia pale pale. Mama akimwuliza iko wapi inayofuata, alijibu, "Bado, mama." Kisha akaugua, na hakupona.

Nilimwambia yote, hata sweta ya kijani. Alipiga kelele ndogo aliposikia sweta, maana aliijua.

"Twende," akasema.

"Mwalimu, aliniambia nirudi peke yangu."

"Hiyo desturi niliianzisha mimi. Naweza kuivunja."

"Alisema nikuletee ikiwa nzima. Nadhani mtu aliyemtaja ni wewe. Niache niende, nitaipokea, nitaileta hapa kwenye benchi hili."

Akanishika mkono. "Kijana wangu, ungekuwa wewe ungebaki jikoni?"

Niambie, ningemjibu nini? Tulikubaliana kwamba atabaki barazani, hataingia, hatasema neno. Aliapa. Mimi nilijua kwamba kiapo kile kilikuwa kikubwa kuliko nguvu zake, na bado nikakubali.

Ombati alitubeba sote wawili kwenye pikipiki. Njiani, maskini, alijaribu kutuchekesha. "Mwalimu, shika vizuri, wazee wa kanisa wasikuone umemkumbatia huyu mzururaji." Mawingu yalikuwa yakishuka juu ya mashamba ya chai, na tulipofika mvua ilikuwa imeanza.

Ombati akabaki barabarani na pikipiki yake. Mwalimu akasimama barazani chini ya dirisha, simu yake ikirekodi mkononi. Nikaingia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nikaketi upande wa kushoto, nikaanza. Moja-mbili-tatu. Niamini ninapokwambia sikumwona akiingia. Nilisikia tu mkono wa kulia umeanza, nikageuza macho, naye yuko.

Tulipita sehemu ya kwanza. Tulipita ya pili, na sikukosea. Akatabasamu, akatikisa kichwa kidogo, yaani sasa nifuate, na sehemu ya tatu ikaanza.

Nitakuelezaje? Ile huzuni ya mwanzo na lile jambo zuri vilikuwa vimekutana, vinatembea pamoja. Mkono wangu ulikuwa unajua wenyewe pa kwenda. Niliisikia inapanda, na nikajua iko karibu kufika, kama unavyojua kilima kinakaribia kwisha.

"Kemunto!"

Mwalimu hakupiga ukelele. Aliita tu, kama mama anavyomwita mtoto aje kula. "Kemunto, mwanangu!"

Mkono wa kulia ukasimama. Msichana akageukia dirisha, na uso wake sikuuona ukiwa na hasira wala hofu. Alikuwa kama mtu aliyeitwa nyumbani kabla hajamaliza kazi.

"Bado, mama," akasema.

Na benchi lilikuwa na mimi peke yangu.

Mwalimu akaingia mbio, akaligusa benchi, akagusa vibao. Hapo ndipo tulipoona. Upande wa kushoto, nilipopiga mimi, vumbi lilikuwa limefutika. Upande wa kulia lilikuwa nene, limetulia, halina alama ya kidole hata kimoja. Nikabonyeza kibao. Hakikutoa sauti. Nikafungua kifuniko cha juu: panya walikuwa wamekula kila kitu na nyaya zilikuwa zimeoza. Piano ile haikuwa imelia kwa miaka.

Na simu? Tuliisikiliza sote watatu pale barazani, Ombati akiwa amevua kofia yake ya chuma. Mvua kwenye mabati. Mvua, mvua, na katikati yake sauti ya mama akiita jina la mtoto wake.

Nilirudi Ekerenyo mara nyingi baada ya hapo, peke yangu, mvua na jua. Hakuja. Baadaye ukumbi ukabomolewa wajenge madarasa.

Mwalimu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Jumapili tunaketi kwenye benchi lake, yeye mkono wa kulia kama alivyousikia dirishani, mimi wa kushoto, tunapiga mpaka pale alipoita, kisha tunanyamaza. Tumejaribu kutunga mwisho. Muuguzi alitunga wake, Ombati naye akatunga mmoja wenye mbwembwe hadi Mwalimu akacheka na kulia pamoja. Hakuna unaokaa. Nimeacha kuhamahama. Wakiniita kazi Nakuru au Mombasa nakataa, kwa sababu mkono ule wa kushoto ninao mimi peke yangu, na nikiondoka yule mama atabaki na nusu ya nusu.

Kwa hiyo sikiliza, wewe mwenye mtu wako aliyetangulia. Ikitokea siku moja umsikie nyuma ya mlango, akifanya jambo alilokuwa akilifanya akiwa hai, najua utakachotaka. Utataka kumwita. Jina litakujia mdomoni lenyewe. Uma kitambaa, uma mkono wako ikibidi, lakini usilitoe. Mwache amalize.